Kobalti katika sura za wafalme: namna ya kusoma picha za Uingereza ya zamani

KOLWEZI – Wakaaji wa Kingamyambo hawahitaji kufundishwa kobalti ni kitu gani. Tangu miaka ya 1950, rejeti za kiwanda cha kusafishia madini cha Kolwezi, yaani ule mchanga unaobaki kisha madini kutolewa, zilimwagwa huko na katika bonde la mto Musonoi. Wakati ule zilihesabiwa kuwa takataka. Leo kampuni ya Metalkol inazisafisha upya ili kutoa shaba na kobalti iliyosalia ndani yake. Kobalti hiyo inaenda nje ya nchi kutengeneza betri za simu na za magari ya umeme.

Lakini kabla ya betri, kobalti ilikuwa na kazi nyingine: ilitoa rangi ya buluu. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, wachoraji wa Uingereza waliitumia katika picha za wafalme, malkia na matajiri wao. Shaba nayo iliwapa buluu nyingine, na kijani. Madini hayo hayakutoka Katanga. Yalitoka katika milima ya Ulaya, hasa Ujerumani. Hata hivyo, mtu wa Lualaba akisimama mbele ya picha hizo anakuwa na ufunguo ambao watu wengi wa London hawana: anajua jiwe lilivyo, na anajua jasho la kulitoa ardhini.

Picha hizo zinafundishwa duniani kote, na siku hizi mwanafunzi wa Kolwezi au wa Bukavu anaweza kuziona kwenye simu yake. Wengi wanazitazama na kupita: mzungu mweupe sana, kola kubwa shingoni, uso usiocheka. Ukijua maswali ya kuziuliza, zinaanza kusema.

Swali la kwanza: nani alilipa?

Katika Uingereza ya karne ya 16, hakuna aliyechorwa kwa bahati tu. Picha ilikuwa kazi ya kuagizwa, na aliyeagiza alikuwa na jambo la kutangaza: cheo kipya, ndoa, ushindi, au haki ya kurithi.

Mchoraji aliyeweka msingi wa kazi hiyo kule hakuwa hata Mwingereza. Hans Holbein alizaliwa Augsburg, Ujerumani. Alifika Uingereza mara ya kwanza mwaka 1526, akarudi tena mwaka 1532, na akafia London mwaka 1543. Mwaka 1537 alimchora Mfalme Henry wa 8 kwenye ukuta wa jumba la Whitehall: miguu imetanuliwa, mabega yamejaa, macho yanamtazama moja kwa moja anayeingia. Ukuta ule uliungua pamoja na jumba mwaka 1698. Lakini picha ilikuwa imekwisha kunakiliwa mara nyingi, na mpaka leo mtu akisema "Henry wa 8", sura inayokuja kichwani ni ile ya Holbein. Jengo limekufa, tangazo limebaki.

Picha iliweza pia kufanya kazi ya mshenga. Mwaka 1539 Henry alimtuma Holbein Ujerumani kumchora Anne wa Cleves, ili amwone kabla ya kumuoa. Picha ikaletwa, ndoa ikafungwa Januari 1540, na mwezi wa Julai mwaka huohuo ikavunjwa. Picha yenyewe iko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre. Wanahistoria wanaendelea kubishana kama mchoraji alimpendezesha bibi harusi kupita kiasi. Hata kama hakufanya hivyo, mfalme aliamua jambo la dola kwa kutazama kipande cha ngozi kilichopakwa rangi.

Swali la pili: mwilini kuna nini?

Mtu aliyekua wakati wa Zaire atalielewa jambo hili haraka. Picha ya Mobutu ilitundikwa katika kila ofisi, na habari za televisheni zilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Hakuna aliyeuliza kama ile kofia ya ngozi ya chui ilikuwa ya kukinga baridi. Kofia, fimbo na abakosti vilikuwa maneno. Vilisema: huyu ni chifu, huyu ni mwenye nchi.

Malkia Elizabeth wa 1, binti wa Henry, alitawala kuanzia mwaka 1558 hadi 1603, na alilijua somo hilo kabla ya wengi. Katika picha ambayo Waingereza wanaiita ya Armada, iliyochorwa karibu mwaka 1588 kisha meli za vita za Uhispania kushindwa, amevaa lulu tele. Nyuma yake zinaonekana meli. Mkono wake wa kuume umelala juu ya tufe la dunia, vidole vikiwa upande wa Amerika. Ni picha ya mtu anayesema kwamba bahari ni yake na nchi za ng'ambo zitafuata. Sisi ambao mipaka yetu ilikubaliwa kule Ulaya na watu wasioijua hata Lualaba, tunafahamu kinachoweza kufuata mkono wa mfalme ukiwekwa juu ya ramani.

Katika picha nyingine kubwa, iliyochorwa na Marcus Gheeraerts mwaka 1592, malkia amesimama juu ya ramani ya Uingereza yenyewe, kama mtu anayesimama juu ya mkeka wake. Alikuwa karibu na miaka 59. Na katika ile iliyoko jumba la Hatfield, joho lake limepambwa kwa macho na masikio. Wasomi wengi wanayasoma hivi: malkia anaona yote na anasikia yote.

Katika picha hiyo ya Hatfield, iliyochorwa karibu mwaka 1600 akiwa amepita miaka 60, uso wake ni wa msichana. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1563 serikali yake iliandika rasimu ya tangazo la kusimamia picha za malkia, ili kila mchoraji afuate mfano ulioidhinishwa. Mwaka 1596 baraza lake liliamuru picha zisizompendeza ziharibiwe. Malkia hakuwa na mtoto wala mrithi aliyetangazwa. Uso wenye makunyanzi ungewakumbusha watu swali ambalo hakutaka waulize: akifa, nani atashika nchi?

Mchoraji wake Nicholas Hilliard, aliyefundishwa pia kazi ya usonara, alieleza katika maandishi yake kwamba malkia alichagua kukaa bustanini mahali penye mwanga mtupu, mbali na kivuli cha mti. Hilliard alichora picha ndogo za kukaa kiganjani, kwenye ngozi laini ya mnyama iliyogundishwa juu ya karata ya kuchezea. Wakubwa walizivaa kama kito. Anayetafuta kivuli kwenye nyuso zile hakipati, na mara nyingi watu husema wachoraji wa Kiingereza walishindwa kuchora vizuri kama Waitalia. Lakini walioagiza picha hawakutaka kivuli. Walitaka uso safi, dhahabu, lulu na nakshi ionekane uzi kwa uzi, kwa sababu kila uzi ulikuwa na bei na watazamaji waliijua.

Mwafrika katika picha ya Kiingereza

Si wote waliochorwa kule walikuwa Wazungu. Mwaka 1600 mfalme wa Moroko, Ahmad al-Mansur, alimtuma balozi wake Abd el-Ouahed ben Messaoud kwa Malkia Elizabeth kuzungumzia ushirikiano dhidi ya Uhispania. Balozi huyo alikaa London kwa miezi kadhaa na alichorwa na mchoraji ambaye jina lake halikubaki. Picha yake inatunzwa leo na Chuo Kikuu cha Birmingham.

Tuisome kwa maswali yaleyale. Amevaa kilemba cheupe na joho jeusi, na upanga wenye mapambo umening'inia ubavuni. Hakuvikwa mavazi ya Kiingereza, na hakuwekwa pembeni kama mtumishi anayembebea bwana wake sinia. Yuko katikati, peke yake, na macho yake yanatutazama. Maandishi ya Kilatini yanamtaja kuwa mjumbe wa mfalme kwenda Uingereza, yakiongeza mwaka 1600 na umri wake, miaka 42. Picha hii inathibitisha kwamba mwaka ule mjumbe wa Afrika aliweza kuingia London kama mwenye nguvu anayebembelezwa. Miaka iliyofuata, biashara ya watumwa ilipokua, picha za Kiingereza zenye Waafrika zilianza kusema jambo lingine kabisa.

Swali la tatu: rangi ilitoka wapi?

Hapa Kolwezi tunakaa karibu na jibu. Malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa na mafundi wetu kuwa vibweta na shanga, ni shaba iliyoungana na hewa ya kaboni na maji ardhini. Lina ndugu yake wa buluu anayeitwa azuriti. Wachoraji wa wakati wa Holbein walilisaga jiwe hilo la buluu na kulichanganya na mafuta. Mara nyingi buluu iliyo nyuma ya sura katika picha zile ni shaba tupu ya milimani.

Kijani cha mapazia na cha nguo kilitengenezwa kwa namna nyingine. Vipande vya shaba viliwekwa juu ya siki mpaka vikaota kutu ya kijani, kutu ikakwanguliwa, ikawa rangi. Anayeishi kati ya mabomba na nyaya za shaba ameiona kutu hiyo mara nyingi.

Kobalti ilipitia njia ndefu zaidi. Mawe yake yalichimbwa hasa katika milima ya Saksonia, Ujerumani, karibu na mji wa Schneeberg. Yalichomwa kwanza ili moshi wa sumu utoke, maana ndani yake mlikuwa na aseniki. Kisha yaliyeyushwa pamoja na mchanga mweupe na potasi, yakawa kioo cha buluu iliyokolea. Kioo kikiwa bado moto kilimwagwa katika maji baridi ili kipasuke, halafu kikasagwa kwenye kinu. Unga huo uliitwa smalti. Ukisagwa kidogo, buluu inakuwa nzito lakini chembe zinakwaruza. Ukisagwa sana, unakuwa laini lakini buluu inapauka. Ulikuwa rahisi kwa bei kuliko buluu ya jiwe kutoka Afghanistan, na kuanzia mwisho wa karne ya 16 wachoraji wa Uingereza waliutumia sana.

Jina "kobalti" lenyewe lilitoka kwa wachimbaji wale. Waliona mawe yanayofanana na madini ya fedha, wakayachoma, wakapata moshi wa kuua na si fedha. Wakasema ni kazi ya kobold, pepo mbaya wa mgodini. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu kikubwa cha Georgius Agricola juu ya migodi. Ndani yake alieleza aina ya jiwe linalokula miguu na mikono ya wafanyakazi likilowa maji, na kuharibu mapafu na macho. Wachimbaji wa Schneeberg waliendelea kufa kwa ugonjwa wa kifua kwa karne nyingi, na ilikuwa mwaka 1879 tu ambapo madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa saratani ya mapafu.

Mkrezeri wa leo anayeshuka shimoni bila kinga, na mama anayeosha mawe mtoni, wanaweza kuijua habari hiyo hata bila kusoma Kijerumani.

Swali la nne: nini kimegeuka?

Rangi nayo inazeeka, na mtazamaji asiyejua hilo anadanganyika. Smalti ndani ya mafuta hupoteza potasi yake pole pole, na buluu inageuka kijivu. Kijani cha kutu ya shaba kinaweza kuwa kahawia. Fedha halisi ambayo Hilliard aliitumia kung'arisha vito imekuwa nyeusi. Hivyo picha ambayo leo ni ya huzuni na vumbi huenda ilikuwa na makelele ya rangi siku ilipotundikwa.

Mfano unaojulikana sana ni picha ya Elizabeth ya karibu mwaka 1575, iliyoko katika Jumba la Taifa la Picha za Watu, London. Kwa muda mrefu watu waliutazama uso wake mweupe kama karatasi na kusema malkia alipenda kuchorwa hivyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashavu yalikuwa na wekundu ambao umefifia kwa mwanga, na nguo inayoonekana kahawia ilikuwa nyekundu. Tangu mwaka 2007 watafiti wa jumba hilo wamepima picha nyingi za wakati ule kwa eksirei, kwa darubini na kwa kuhesabu pete za miti. Mbao nyingi za mwaloni zilizochorewa zilionekana kutoka nchi za bahari ya Baltiki. Kwa hiyo picha moja ya "Kiingereza" inaweza kuwa na ubao wa Poland, buluu ya Saksonia na mkono wa mchoraji wa Ubelgiji wa leo.

Ambaye hayumo

Kisha maswali manne, linabaki moja ambalo picha haiwezi kulijibu yenyewe: nani hayumo?

Mfalme yumo. Mke wa tajiri yumo, na mbwa wake pia. Mchimbaji wa Schneeberg hayumo, ingawa jasho lake limepakwa nyuma ya kichwa cha mfalme. Uingereza yenyewe ilikuwa na migodi ya shaba huko Keswick, ambako Malkia Elizabeth alileta wachimbaji Wajerumani. Mwaka 1568 alishitakiana na mtawala mkubwa wa Northumberland juu ya madini yaliyopatikana katika ardhi ya mtawala huyo. Majaji walimpa malkia haki. Tuna picha nyingi za malkia huyo. Sura za watu walioshika nyundo hatuna.

Katika Katanga tulipata bahati ambayo wachimbaji wale hawakuipata. Miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa miji ya migodi walichora tablo kwa ajili ya saloni za wafanyakazi wenyewe: Lumumba amefungwa kamba, askari wa Bula Matari na mjeledi, kiwanda na bomba lake la moshi. Aliyejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya magunia ya unga, na miaka ya 1973 na 1974 alitengeneza historia nzima ya nchi katika tablo zaidi ya 100, akizieleza kwa Kiswahili chetu mbele ya mwalimu Johannes Fabian aliyekuwa akinasa sauti. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Sehemu kubwa ya kazi ile iko Amsterdam, si Lubumbashi wala Kolwezi.

Watu walioning'iniza tablo zile nyumbani walikuwa na neno moja la kusema kazi yake: ukumbusho. Wageni waliandika kurasa nyingi kulieleza neno hilo. Ni neno linalofaa pia kwa picha za Holbein na Hilliard, kwa sababu hata zile hazikufanywa kwa ajili ya urembo peke yake. Tofauti iko katika nani alikuwa na pesa ya kukumbukwa.

Jina, umri, mwaka

Ukumbusho unaweza kupotea hata picha ikibaki. Jumba lile la London lina picha za karne ya 16 za watu ambao hakuna tena anayejua majina yao. Moja iliitwa kwa miaka mingi Lady Jane Grey, msichana aliyetawala siku chache mwaka 1553 na baadaye akakatwa kichwa. Mwaka 1996 mapambo aliyovaa yalilinganishwa na orodha ya vito vya zamani, ikaonekana kwamba mwenyewe ni Catherine Parr, mke wa mwisho wa Henry wa 8. Malkia mzima alikuwa ameitwa kwa jina la mwingine, kwa sababu jina lake halikuwa juu ya picha.

Balozi wa Moroko hakupatwa na hilo. Mchoraji aliandika juu ya ubao cheo, mwaka na umri, na ndiyo maana leo tunaweza kumtaja.

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuna sanduku lenye foto za baba na babu waliofanya kazi Union Minière na baadaye Gécamines: kofia ya kazi kichwani, wenzake pembeni, nyuma yao kiwanda. Wazee wanaoweza kuwataja wote kwa majina wanapungua kila mwaka. Kalamu haigharimu franka nyingi. Geuza foto, muulize mzee akiwa bado anakumbuka, uandike jina, umri, mwaka na kazi aliyoifanya.